Hamsta Aliyesingwa Kama Bibi Harusi

Kisiwani Unguja wamesingwa mabibi harusi wasio idadi, lakini mtu aliyewahi kumsinga panya ni mmoja tu. Anaitwa Haroub, yu hai, ana afya njema, na duka lake liko Mkunazini, kwenye kichochoro ambacho ukipotea pua yako itakufikisha.

Mwenyewe hasemi panya. Anasema hamsta. Na tukitaka kumtendea haki, yule mnyama kweli alikuwa hamsta: kidonge cha manyoya cha rangi ya kashata ya nazi, mashavu yametuna utasema kaficha andazi kila upande, mkia hauonekani. Ndiyo maana mwenye mali, Mwalimu Nassra, akampa jina la Kashata. Lakini Mji Mkongwe ni Mji Mkongwe. Kitu chenye masharubu na meno ya mbele, kikiwa kidogo kuliko paka, kitaitwa panya mpaka siku ya kiyama.

Haroub anauza manukato. Udi, marashi, halud, ubani, na singo, ule mchanganyiko wa karafuu, mdalasini, liwa na mawaridi anaosuguliwa bibi harusi mpaka ang'are. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaijua. Cheo ndicho alichojipa mwenyewe. Juu ya mlango kaandika kwa rangi ya dhahabu: HAROUB, BINGWA WA NGOZI NA NYWELE.

Sifa zote za bingwa huyu zimesimama juu ya chupa moja, mafuta ya kuotesha nywele aliyoyabuni mwenyewe akayaita Shungi la Malkia.

"Mafuta haya si ya mchezo," huwaambia wateja. "Yalimwagika siku moja kwenye mlango wa jirani. Mlango ule, wallahi, sasa unasukwa kila Alkhamisi."

"Mlango upi?"

"Wameuhamishia Pemba."

Basi bingwa wa ngozi na nywele alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kumuoa Nassra. Nassra anasomesha baiolojia skuli ya sekondari, ana sura, ana akili, na ana ulimi wa kukata kamba. Kila Haroub akimuuliza lini alete wazee, Nassra akimjibu, "Subiri kwanza." Haroub akasubiri. Kijana wa watu alisubiri mpaka mama yake akaanza kumsomea dua.

Ndipo Nassra akaitwa semina ya walimu huko Wete, Pemba, na Kashata akakosa pa kukaa.

Mama yake Nassra, Bi Shemsa, hakutaka hata kulisikia jina lake. "Mimi napigana na panya tangu naolewa katika nyumba hii," alisema. "Leo nimlishe mmoja kwa mkono wangu? Atawaambia nini wenziwe?" Kwa majirani nako hakuendeki, kila nyumba ina paka wake na wa wenzake.

"Mlete kwangu," akasema Haroub, mkono kifuani. "Ngozi na nywele ndiyo fani yangu."

Nassra akamtazama. "Haroub, hiyo fani ndiyo sitaki uilete. Karatasi zilizochanwa za kulalia, maji, na mbegu zake. Usimuogeshe. Usimpake kitu. Basi."

"Basi?"

"Basi. Nikirudi nikamkuta kama nilivyomuacha, wazee wako walete posa. Mama nshamuambia."

Haroub akalipokea lile tundu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea mtoto wa kwenda kutiwa jina. Moyo ulimruka. Kutoka kwake mpaka kwenye ndoa kumebaki karatasi, maji na mbegu! Mtu gani mwenye akili atashindwa hapo?

Mtu huyo alishindwa siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi.

Kosa lake lilikuwa ukarimu. Kwao Haroub, mgeni akiingia anapokewa kwa udi, ananyunyiziwa marashi, anatandikiwa kitanda cha maana. Sasa mgeni mwenyewe katoka kwa Nassra! Halafu alale juu ya vipande vya gazeti, tena ukurasa wa matangazo ya mnada?

"Haiwezekani," akamwambia mama yake, Bi Tahiya. "Watu watasema nini?"

"Watu gani wataoingia humo ndani ya tundu?" akauliza Bi Tahiya.

Haroub alikuwa na gunia la makonyo aliyoyachukua Kizimbani, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Akazitoa karatasi zote, akatandika makonyo, akayasawazisha kwa kiganja, akanyunyiza na marashi kidogo pembeni. Tundu likanukia kama chumba cha fungate. Kashata akaingia, akapiga chafya, akasimama kwa miguu miwili akamtazama Haroub usoni.

"Anashukuru," akasema Haroub.

Haikupita siku nyingi Kashata akaanza kujikuna. Alijikuna akila, alijikuna akikimbia kwenye gurudumu lake, na mara nyingine alilisimamisha gurudumu katikati ya safari ili ajikune vizuri. Kisha asubuhi moja Haroub akaona ubavuni mwa Kashata pamefunguka uwazi mwekundu, hapana unywele.

Haroub alikaa chini kwenye mkeka, tundu mapajani, akaiona posa yake inapeperuka na manyoya.

"Rejesha zile karatasi," akasema Bi Tahiya.

"Mama, karatasi haioteshi nywele."

"Nassra si kakuambia usimpake kitu?"

"Kasema hivyo alipokuwa mzima. Sasa mgonjwa. Na mgonjwa wa ngozi na nywele, katika mji huu, anaangukia mikononi mwa nani?" Akanyoosha kidole kuelekea dukani, ambako maandishi ya dhahabu yalikuwa yanamsubiri.

Na hapo, ndugu yangu, akili ya biashara ikamwingia. Haroub alimpiga Kashata picha ya ubavu, akaitia simuni kila mwenye namba yake aione, akaandika chini yake: KABLA. SUBIRINI BAADA. SHUNGI LA MALKIA HALIBAGUI. Kwa busara kubwa akahakikisha Nassra peke yake hataiona. Walimu wenziwe Nassra hakuwafikiria.

Tiba ikaanza. Kwanza Kashata akaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mrehani, ijapokuwa alipinga kwa meno. Kisha akasingwa. Naam, akasingwa! Singo ile ile ya bibi harusi, imelowekwa kwa maji ya mawaridi, ikasuguliwa mgongoni kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa kuzunguka, kama inavyotakiwa. Haroub alikuwa anaimba taratibu.

Kisha akapakwa Shungi la Malkia mwili mzima, kichwani akachanwa. Mwisho tundu likawekwa juu ya chetezo, moshi wa udi ukapanda kupitia vitundu, na Kashata akapiga chafya mfululizo mpaka Bi Tahiya akaja na maji akidhani kuna mtu kapaliwa.

"Haroub! Unamuozesha?"

"Namtibu."

"Mbona anazidi kunyonyoka?"

"Yanatoka ya zamani, yapate nafasi mapya."

Ya zamani yalitoka kweli, hayakufanya kiburi. Yalitoka mgongoni, yakatoka tumboni, yakatoka nyuma ya masikio. Mapya hayakuonekana. Ngozi ya Kashata ikabaki ya waridi na mabaka mabaka, inang'aa kwa mafuta. Usoni tu ndipo paliposalia manyoya, basi akawa anaonekana kama mzee aliyevua kanzu akasahau kuvua kofia.

Dukani nako mambo yakawa magumu. Watu walikuwa wanachungulia mlangoni.

"Haroub, tunasubiri Baada."

"Inakuja."

"Jana ulisema inakuja."

"Kitu kizuri hakikimbizwi."

Usiku? Hapana, usiku Haroub hakuwa na neno, alilala. Taabu ilikuwa mchana, kila alipolifunua tundu. Na taabu hasa ilikuwa kwamba Kashata alikwishamzoea. Akimsikia Haroub anakuja, badala ya kukimbia, alijikokota mpaka kwenye vyuma, akasimama na upara wake, akingoja mbegu. Haroub akimpa, roho inamuuma. Alikuwa hafikirii tena posa peke yake. Alikuwa anamuonea huruma, na kila huruma ikizidi alikuwa anamuongezea singo.

Picha ile ilifika Wete kabla ya boti. Mwalimu mmoja aliiona, akacheka, akamuonyesha mwenziwe, na mwenziwe akamuonyesha Nassra ili wacheke wote watatu. Nassra hakucheka. Aliomba ruhusa semina ikiwa bado haijesha, akapanda boti, na kutoka bandarini hakupita kwao. Alikuja Mkunazini moja kwa moja, begi mkononi.

"Nassra!" akasema Haroub. "Mbona mapema? Karibu, nikufukizie..."

"Yuko wapi?"

Haroub akaleta tundu, limefunikwa kanga. Nassra akaifunua kanga. Akanyamaza. Haroub aliwahi kutukanwa na Nassra mara nyingi na hakuna hata tusi moja lililomtisha kama kule kunyamaza.

"Hii," akasema Haroub, "ndiyo Kabla."

Nassra akalichukua tundu, akasimamisha gari ya kukodi. Haroub akajipenyeza kiti cha nyuma bila kualikwa. Dereva alinusa, akageuka akawatazama, akateremsha vioo vyote.

"Hongereni," akasema. "Harusi lini?"

Nassra akalifunika tundu kwa kanga.

Daktari Faiza ni daktari wa mifugo, kliniki yake iko nje ya mji, na siku hiyo alikuwa anamaliza kumchoma mbuzi sindano. Alipofunuliwa tundu alirudi nyuma hatua.

"Huyu mgonjwa au pilau?"

"Nimemtia karafuu kidogo tu," akasema Haroub.

"Kidogo?"

"Na mdalasini. Na liwa. Na mawaridi. Na mafuta. Na udi, lakini udi kwa mbali."

Daktari akavaa glavu, akamshika Kashata taratibu kiganjani, akamtazama ngozi. Akabandika kipande cha utepe mgongoni, akakibandua, akaenda kukitazama kwenye hadubini. Haroub akatumia nafasi ile kutoa maoni ya kitaalamu.

"Mimi nadhani ni utitiri, Daktari. Au urithi. Pengine kwao wana upara."

"Utitiri hana," akasema Daktari Faiza. "Fangasi hana. Upele wa kuambukiza hana."

"Sasa ana nini?"

"Ana mwenyeji."

Nassra akainamisha kichwa. Daktari akaeleza polepole, kama anavyomweleza mtu mwenye ng'ombe. Makonyo yana mafuta makali, yanaichoma ngozi ya mnyama mdogo namna ile na pua yake pia. Ndiyo maana akajikuna, na kujikuna ndiko kulikomtoa manyoya ubavuni. Lingeishia pale, siku hiyo hiyo, kama angerejeshewa karatasi zake. Lakini akaogeshwa, na hamsta haogeshwi kwa maji, anajisugua mwenyewe kwenye mchanga mkavu. Akasingwa. Akapakwa mafuta, akajilamba mafuta. Akafukizwa.

"Kwa hiyo dawa yake?" akauliza Haroub kwa sauti ndogo.

"Aachwe."

"Aachwe tu?"

"Nitampa ya kutuliza ngozi. Karatasi safi, mchanga mkavu, na asisogelewe na harufu yoyote. Udi, marashi, wala mtu aliyejipaka. Manyoya yatarudi yenyewe."

Nassra akasogeza kiti chake mbali na Haroub, na tundu akalisogeza pia.

Kituko cha pili kilitokea nyumbani kwa Bi Shemsa. Yule mama aliyekuwa hataki panya mlangoni kwake, alipomuona Kashata kwa upara ule, tumbo wazi, anatetemeka, alishika kifua.

"Masikini ya Mungu! Nani kamfanya hivi mtoto wa watu?"

"Haroub," akasema Nassra.

"Huyu huyu anayetaka kukuoa?"

"Huyu huyu."

Tangu saa ile Bi Shemsa akawa mlinzi. Ubani wake mwenyewe akaufungia kabatini. Tundu akaliweka ukumbini, kwenye upepo, akakaa karibu yake na upepeo. Mtu akibisha hodi, anajibiwa na pua kwanza.

Haroub alikuja kuomba radhi. Alisimama nje, mbali, akasema kweli na kwa mara ya kwanza bila kujisifu: kwamba amekosa, kwamba alikatazwa akafanya, kwamba anampenda Nassra na yule mnyama pia kamzoea. Nassra alimsikiliza kutoka dirishani. Alikuwa na hasira, lakini si mtu wa kuvunja neno.

"Wazee waje Ijumaa baada ya laasiri," akasema. "Lakini mama kasema, asiingie mtu na harufu. Hata chembe. Hilo nalo likikushinda, usirudi tena."

Haroub alirudi nyumbani anakimbia. Kazi ilikuwa rahisi: kumwambia ami yake, Mzee Nahodha, ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye anayekwenda kuposa, asijifukize udi. Hapo tu.

"Mwambie ukweli," akasema Bi Tahiya. "Mwambie nyumba ile ina panya anaumwa, umemtia maradhi wewe."

"Nimwambie ami yangu aende kuposa hanukii, kwa ajili ya panya? Atanipeleka kwa wasomaji wanitoe pepo!"

Na hapo ndipo ubingwa ulipomponza mara ya mwisho. Akampigia ami yake simu Makunduchi, akaizungusha habari.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

"Ami, ile nyumba mtakayokwenda, ndani mna mgonjwa. Na harufu mjihadhari nayo."

"Lahaula! Nani?"

"Anaitwa Kashata."

"Mzee?"

"Ee... kwa umri wa kwao, mzee."

"Anaumwa nini?"

"Ngozi, Ami. Na nywele zimemtoka."

"Masikini. Usiwe na wasiwasi, mwanangu, tutajua la kufanya."

Haroub akakata simu, akavuta pumzi. Alijiona kaimaliza.

Ijumaa Haroub alikoga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikamkauka. Akavaa kanzu iliyoanikwa juani bila ya kitu. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa alikuwa hanukii chochote, na watu wawili wanaomjua walimpita njiani wasimtambue. Akaenda kukaa barazani kwa jirani, upande wa pili wa kichochoro, mlango wa Bi Shemsa uko mbele yake, wazi.

Harufu ilifika kwanza. Haroub aliinusa akaitambua papo hapo, ule udi wake mwenyewe wa daraja la juu, ambao humpelekea ami yake kila Idi. Kisha wakatokea wazee watatu, majoho mabegani, wamefukizwa mpaka ndevu. Na mbele yao, Mzee Nahodha kashika chetezo kwa mikono miwili, moshi unafuka!

"Ami!" akaita Haroub, lakini wazee walikwisha kufika mlangoni.

Bi Shemsa alisimama mlangoni, upepeo kifuani.

"Asalaam alaykum," akasema Mzee Nahodha. "Tumekuja kwa jambo la kheri. Lakini kheri haitangulii mgonjwa. Tumeambiwa ndani mna mzee wenu hajiwezi, Bwana Kashata. Tumekuja na udi na ubani tumfukize, tumsomee, Mwenyezi Mungu amponye. Yuko wapi?"

Bi Shemsa kwa mshangao akanyoosha kidole ukumbini. Mzee Nahodha akaingia na moshi wake, akainama, akatazama ndani ya tundu. Kashata akatazama nje.

"Huyu panya," akasema Mzee Nahodha.

"Hamsta!" akasema Bi Shemsa.

Kashata akapiga chafya. Akapiga ya pili. Bi Shemsa akalikumbatia tundu akakimbilia nalo uani, na huko uani akapaza sauti iliyosikika kichochoro kizima: "Tokeni! Tokeni na kheri yenu!"

Wazee wakatoka. Mzee Nahodha alivuka kichochoro mpaka barazani, akamsimamia Haroub kichwani, chetezo bado kinafuka.

"Haroub. Katika ukoo wetu kuna waliokataliwa kwa ufukara. Kuna waliokataliwa kwa ulevi. Babu yako mdogo alikataliwa kwa kukoroma. Mimi leo, na ndevu zangu hizi, nimefukuzwa kwa kunukia!"

"Samahani, Ami."

"Kwa nini hukuniambia ni panya?"

"Niliona haya."

"Na sasa je?"

Nassra akatokea mlangoni. Haroub akainuka. Hakuthubutu kuvuka.

"Mama kasema wazee warudi," akasema Nassra, "Kashata akishaota manyoya."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe unasemaje?"

Nassra akamtazama vile alivyokauka kwa sabuni, na nusura acheke. "Mimi nasema vile vile. Akishaota."

Habari hizo zilienea Mji Mkongwe kabla ya isha. Kesho yake duka lilijaa, na wote waliojaa walikuja kuuliza hali ya panya. Bi Tahiya alikuwa kakaa kwenye kigoda, anachambua mchele, anawajibu yeye. Haroub alijificha nyuma ya mizani.

Akaingia Bi Mwanamwema, mteja wa zamani, mama wa heshima ambaye nywele zimeanza kumpungua mbele. Akachukua chupa ya Shungi la Malkia kabatini, akaishika mkononi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimesikia posa yako inangoja manyoya. Lakini wewe hasara huna, dawa unayo mwenyewe. Si umpake haya tu, yaote upesi, uoe?"

Haroub alishituka hata mizani ikayumba.

"Haya?" akasema. "Bi Mwanamwema, usinitie balaa! Mimi nataka kuoa!"

Bi Tahiya akaacha kuchambua. Bi Mwanamwema akaitazama ile chupa, akamtazama Haroub, akairudisha kabatini taratibu, akashusha mtandio wake ukamfunika paji la uso, akatoka.